Neno KICHWA na maana zake zote: namna ya kulielewa bila kupotea, kuanzia stendi mpaka hospitali

Mtoto wa dada yangu alikuja likizo. Kazaliwa Toronto na kakulia hukohuko, Kiswahili chake ni cha nyumbani, cha mama yake na cha kuongea na bibi kwenye simu, kinamtosha kusalimia wakubwa na kuomba chai. Siku ya pili tu nikapanda naye daladala ya Gongo la Mboto, gari limekaribia kujaa, konda anapigapiga bati huku anaita "vichwa viwili, bado vichwa viwili tuondoke!" Mtoto akanishika mkono kwa nguvu akaniuliza, "Mamdogo, vichwa vya nani?"

Swali lake lilikuwa halali kabisa. Yeye kichwa anachokijua ni hiki kilichokaa juu ya shingo, afu anamsikia mtu mzima anatangaza barabarani kwamba anataka viwili. Nikamweleza kwamba pale kichwa ni abiria, na bodaboda nao wanasema hivyohivyo, "tangu asubuhi sijapata kichwa" maana yake hajapata mteja. Akaelewa. Ila jioni babu akamsifia binamu yake kwamba "huyu ni kichwa kwelikweli", mwingine anauliza kichwa cha chaji kiko wapi, kwenye taarifa ya habari wanazungumzia vichwa vya treni, mtoto wa watu akawa amechoka. Nikachukua daftari nikaanza kumwandikia, na haya ninayoweka hapa ndo yale ya kwenye daftari nimeyapanua, maana naona yatawafaa na wengine, waliokulia nje, wanaojifunza, hata tunaofanya kazi ya kutafsiri na kuhariri kama mimi.

Jambo la kwanza, usikariri orodha ya maana. Wengi wakikutana na neno la namna hii wanataka waandikiwe maana ishirini wazimeze, kesho yake wanakutana na ya ishirini na moja wanakwama palepale. Kiangalie kichwa chenyewe kwanza, hiki cha mwili. Kiko juu. Kinatangulia, mwili mwingine unafuata. Ndani yake kuna akili. Na kila mtu anacho kimoja tu. Karibu kila matumizi utakayosikia yametoka kwenye moja ya hayo manne, kwa hiyo ukikisikia kichwa usichokielewa jiulize, hiki ni cha juu, ni cha kutangulia, ni cha akili au ni cha kuhesabia watu? Ukishajua hapo umeshafika zaidi ya nusu ya njia.

Cha juu ndo chepesi kuliko vyote. Kichwa cha habari kinakaa juu ya habari, kichwa cha barua juu ya barua, kichwa cha msumari ndo pale nyundo inapogonga, kichwa cha njiti ya kiberiti ndo penye baruti. Mkulima wa alizeti anavuna vichwa. Mkulima wa kabichi anakwambia "zimeanza kufunga vichwa", maana yake majani ya ndani yameanza kukumbatiana kuwa duara. Jikoni kuwa makini na kitunguu saumu tu, ukisoma kichwa kimoja ni lile tungu zima, vile vipande vya ndani ni punje, na mchuzi wa mtu aliyeambiwa punje tatu akaweka vichwa vitatu unaujua tangu getini.

Cha kutangulia ndo kinawasumbua wageni, kwa sababu hapa kichwa si lazima kiwe juu, ni ile sehemu yenye nguvu ambayo vingine vyote vinaifuata. Treni ina kichwa na mabehewa. Reli yetu mpya ya umeme ilipoanza safari, Dar mpaka Morogoro mwezi wa sita 2024 na mpaka Dodoma mwezi wa saba, habari zilikuwa zimeshajaa "vichwa vya treni vimewasili bandarini" na mtu asiyejua angeshtuka kama alivyoshtuka mtoto wangu kwenye daladala. Lori kubwa nalo ni kichwa na tela, dereva akikwambia "tela nimeliacha Chalinze nimekuja na kichwa" basi kaja na ile sehemu ya mbele yenye injini peke yake. Cherehani ni vilevile, kichwa ni mashine yenyewe, mbali na meza na miguu, na hapa kuna hela inaweza kukupotea, ukiona cherehani inauzwa bei nzuri kuliko ulivyotarajia uliza kabla hujalipa, "hiyo ni kichwa tu au na meza yake?" Chaji ya simu pia wanaitenganisha, kuna kichwa na kuna waya, ukienda dukani ukasema unataka chaji utaulizwa "kamili au kichwa?" na kichwa ni kile kinachochomekwa ukutani. Familia nayo ina kichwa chake, na ni kwa maana hiihii ya anayetangulia.

Sasa cha akili, hapa ndo penye utajiri na hapa ndo watu wanaumizana bila kukusudia.

Mtu anaweza KUWA kichwa au KUWA NA kichwa. "Yule binti ni kichwa" ni sifa kubwa, ana akili kupita kawaida. "Ana kichwa chepesi" anashika haraka. "Ana kichwa kizito" au "kigumu" hashiki haraka, na kigumu kinabeba na ukaidi, mtu haambiliki. Kwenye maongezi utasikia "kichwa ngumu" bila ki- ya pili, hiyo imeshakuwa kama neno moja, Nairobi ndo usiseme, na huko Kongo mashariki mkaidi ni "kichwa nguvu". Kichwamaji ni mtu asiye na busara. Kichwa panzi ni yule ambaye unamwambia kitu sasa hivi ukigeuka kimeshamtoka. Na kuna "kichwakichwa", hii naipenda sana kwa sababu imerudiwa mara mbili ikageuka kuwa namna ya kufanya jambo, ukiingia kwenye biashara kichwakichwa umeingia bila kufikiri wala kuuliza, yani neno la akili limerudiwa likaja kumaanisha kukosa kuitumia akili.

Haya yote niliyaandika kwenye lile daftari, na bila kujua nikawa nimemtegea mtoto mtego. Wiki ya pili akapata homa, nikampeleka zahanati ya jirani, nesi mpole kabisa, kamwekea kipimajoto kwapani huku anamuuliza, "unajisikiaje mama, kichwa kizito?" Mtoto akanigeukia machozi yanamlengalenga. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika kichwa kizito ni mtu asiyeshika masomo! Alidhani nesi kamwona mjinga kwa ajili ya Kiswahili chake. Niliumia sana siku ile, nikamkumbatia palepale kwenye benchi, na usiku nikaongeza ukurasa mzima.

Kwa hiyo na wewe ongeza. Mahali mlipo ndo panaamua. Shuleni kichwa kizito ni akili isiyoshika haraka, hospitali ni ile hali ya kuhisi kama umebebeshwa jiwe. Ukiwa mbele ya daktari kuna maneno yatakusaidia ueleweke haraka: "kichwa kinaniuma" ni maumivu ya kawaida, "kinagonga" ni yale maumivu yanayodunda kama moyo, "kinapasuka" ni makali sana, na ukiona dunia inazunguka hicho ni kizunguzungu, usiseme kichwa kinauma maana ni vitu viwili tofauti na matibabu yake tofauti. Maumivu ya upande mmoja yanayokuja na kichefuchefu na kuchukia mwanga wengi wanayaita kipanda uso. Wodi ya wazazi mkunga akisema "mtoto katanguliza kichwa" furahi, ndo inavyotakiwa, akisema katanguliza makalio sikiliza kwa makini anachoendelea kusema. Na kuna watoto wanaozaliwa na maji yamejaa kichwani, watu wanauita ugonjwa wa kichwa kikubwa, mara nyingi unatajwa pamoja na mgongo wazi, kwa hiyo naomba sana usimtanie mtoto wa mtu kwamba ana kichwa kikubwa, hujui mama yake kapitia nini.

Halafu sikiliza nani anauma nani. "Kichwa kinaniuma" ni maradhi. "Hili jambo linaniumiza kichwa" ni mawazo, si maradhi. "Kuumiza kichwa" peke yake ni kufikiri sana, na kukuna kichwa ni kutafuta jibu usilolipata. "Kichwa chake hakiko sawa" ni kusema mtu ana tatizo la akili, na hilo ni neno zito, kama unamzungumzia mgonjwa sema anaumwa, inatosha.

Hapo tumeshaingia kwenye vitenzi, na kitenzi kilichokaa karibu na kichwa mara nyingi ndo kinakupa jibu hata kabla hujamaliza kusikiliza sentensi. Kuinamisha kichwa ni aibu, au heshima, au kusali. Kuvimba kichwa ni majivuno. Kumpa mtu kichwa ni kumsifia mpaka ajione, ndo maana wazee wanasema usimpe huyo mtoto kichwa. Akishapewa atakupanda kichwani, yani hatakuheshimu tena. Kusuka kichwa ni nywele, fundi wa saluni akikuuliza "kichwa kizima?" anataka kujua kama unasuka nywele zote. Kupiga kichwa uwanjani ni mpira, ugomvini ni kumgonga mtu kwa paji la uso. Kuweka kichwani kunaweza kuwa kukariri au kujitwisha ndoo ya maji, angalia tu kinachowekwa. Ile -ni ya mwisho ni ya muhimu kuliko inavyoonekana, "hana kichwa" na "hana kitu kichwani" zinakaribiana, ila "ana kichwa" na "kapanda kichwani" ziko mbali kabisa.

Na mikono kichwani je? Hii haimo kwenye kamusi ila usipoijua utaumia. Ukiweka mikono yote miwili juu ya kichwa mbele ya bibi wa pwani atakutoa haraka, "shusha mikono, unamlilia nani?" kwa sababu hivyo ndo watu wanavyokaa wakiletewa habari ya msiba. Mtoto wangu alikuwa anapumzika hivyo kila saa, amezoea, bibi yake akawa hana amani mpaka tulipomweleza.

Njia ya nne, ya kuhesabia watu. Konda wa daladala yuko hapa, hataki kujua jina lako, anataka kujua siti imepata mtu. Michango ya harusi iko hapa, "kila kichwa elfu ishirini". Na hapa kuna historia inayouma, kodi ya kichwa. Wajerumani walianza na kodi ya nyumba mwaka 1898, baadaye ikaja ya kichwa, yani unadaiwa kwa sababu tu wewe ni mwanamume mzima na upo, na isipolipwa unakwenda kufanya kazi kwa lazima. Kodi na kazi za shuruti ni kati ya mambo yaliyowasha vita ya Majimaji 1905. Hata baada ya uhuru wazee wetu waliendelea kuiita hivyo ile kodi ya maendeleo, iliyofutwa Tanzania mwaka 2003, na ukikaa na mzee wa kijijini atakusimulia watu walivyokuwa wanakimbilia porini wakisikia mgambo wanakuja. Kwa hiyo mzee akitamka "kodi ya kichwa" usiifikirie kama neno la kitaalamu la uchumi. Kwake ni mbio.

Kuna wakati pia kichwa ni kichwa kweli, na ni lazima ulitofautishe na fuvu. Mfano ambao siwezi kuuacha ni wa Mtwa Mkwawa, yani chifu wa Wahehe. Mwaka 1891 aliwashinda Wajerumani pale Lugalo, wakamwinda miaka mingi, 1898 alipoona amezingirwa akajiua mwenyewe, nao wakamkata kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza vita kuu ya kwanza ya dunia, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Lilirudi 1954, na leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga, karibu na Iringa, wakati mwili wake umezikwa Mlambalasi. Kilichokatwa kilikuwa kichwa, kilichorudi ni fuvu. Kiswahili kina maneno mawili na ukiyachanganya hapa unakuwa umefuta miaka 56 ya watu kusubiri.

Misemo mizima nayo isome kama kitu kimoja, usiikate. "Kichwa cha mwendawazimu" ndo maarufu, inasemekana Mzee Ruksa, Rais wa zamani Ali Hassan Mwinyi, ndo aliyeilinganisha na timu yetu ya taifa, kwamba imekuwa kichwa cha mwendawazimu ambacho kila mtu anakuja kujifunzia kunyoa. Ukijua kwamba Stars ilicheza fainali za Afrika 1980 kule Lagos kisha ikakaa miaka 39 mpaka 2019 ndo ikarudi, utaelewa kwa nini msemo uliganda. Leo unaweza kuusikia kwa mtu yeyote anayefanyiwa majaribio na kila ajaye. "Haina kichwa wala miguu" nayo ni habari isiyoeleweka inaanzia wapi na inaishia wapi.

Wanaotafsiri naomba mnisikilize hapa, maana hili nakutana nalo kila wiki. Si kila kinachoitwa kichwa kwenye Kiingereza ni kichwa kwetu. Nimeletewa kuhariri nyaraka iliyopitishwa kwenye mashine imeandika "kichwa cha idara" na "kichwa cha shule", na ilikuwa imeshachapwa nakala za majaribio. Mtu anayeongoza ofisi ni MKUU, mkuu wa idara, mwalimu mkuu, mkuu wa wilaya, makao makuu. Mto una chanzo, hauna kichwa. Gari lina taa za mbele. Neno la kwanza kwenye kamusi wataalamu wanaliita kidahizo. Kile cha juu ya kila ukurasa kwenye kompyuta ni kijajuu na cha chini ni kijachini. Njia rahisi ya kujipima, sema sentensi yako kwa sauti mbele ya mtu asiyejua Kiingereza, akikunja uso umekosea.

Na kama unasoma mashairi ya zamani au unaongea na watu wa Mombasa na Lamu utakutana na "kitwa", usidhani ni makosa ya uchapaji, ni kichwa hichohicho kwa lahaja zao. Kwa kweli kitwa kinaonyesha udugu wetu wazi kuliko kichwa, kwa sababu Wakikuyu wanasema mũtwe, Waganda omutwe, Warundi na Wanyarwanda umutwe. Mtu wa Bujumbura akisikia kitwa anakaribia kukielewa bila mkalimani.

Sasa jipime, soma moja moja usikimbie. "Kichwa kimekufa njiani, tela liko salama": lori limeharibika injini, hakuna aliyekufa. "Kichwa kile kilifunga kila mtu mdomo": hapa usiwe na haraka, inaweza kuwa ni goli la kichwa au ni kichwa cha habari, uliza walikuwa wanaongelea nini. "Kichwa kimoja elfu tano": ukiwa saluni ni bei ya kunyoa, ukiwa kikaoni ni mchango wako, ukiwa dukani kwa fundi simu ni chaji. "Leo vichwa hamna": hiyo ukiisikia stendi mchana wa jua kali panda tu ukae, utasubiri mpaka gari lijaze.